Samaki wa kiziba kunako Kindu: namna ya kutunza maji ili wasife

Kunako Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema, samaki wa mto Lualaba ndio wanaojulikana zaidi sokoni. Lakini pembeni ya mji na katika vijiji vya jimbo, wako wakaaji wanaofuga samaki wao wenyewe ndani ya kiziba, kile wengi wanaita etangi kwa kufuata Kifaransa. Kazi inaonekana nyepesi: kuchimba, kujaza maji, kutia watoto wa samaki, kungoja. Kisha asubuhi moja mfugaji anafika na kukuta samaki wote wako juu ya maji, midomo wazi. Kufika saa nne, wengine wanaelea tumbo juu.

Hapo maneno yanaanza. Mmoja anasema ni sumu. Mwingine anataja jina la jirani ambaye waligombana naye wiki iliyopita. Mwingine anasema ni ulozi. Familia imepoteza franka zake na miezi ya kazi, na sasa iko karibu kupoteza amani na watu wa mtaa. Lakini mara nyingi sana hakuna mtu aliyetia kitu. Ni maji yenyewe ndiyo yamechoka, na maji yanachoka kwa sababu zinazojulikana. Makala hii inaeleza sababu hizo, namna ya kuzitambua mapema, na la kufanya.

Kiziba kilifikaje Kongo

Ufugaji wa samaki si jambo jipya nchini. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, kituo cha uchunguzi cha Kipopo, karibu na Élisabethville (leo Lubumbashi), kilijifunza namna ya kufuga tilapia katika viziba. Katika miaka ya 1950 vijiji vingi vilisukumwa kuchimba, na kufika mwisho wa miaka hiyo viziba vya nchi nzima vilipita 100,000. Baada ya uhuru wa 1960, vingi viliachwa na majani yakavifunika.

Sababu zilikuwa nyingi: vita, kukosa washauri, na watu kuchimba kwa amri bila kuelezwa. Iko pia sababu ya ndani ya kiziba chenyewe. Tilapia walizaa, wakajaa, wakabaki wadogo kama kidole, na watu wakaona kazi haina faida. Katika miaka ya 1970 na 1980 kazi ilifufuliwa katika majimbo kadhaa, pamoja na wafanyakazi wa kujitolea kutoka Marekani waliozunguka vijijini, hasa kunako Kasai na Bandundu. Fundisho lao kubwa halikuwa kuchimba viziba vingi zaidi. Lilikuwa kutunza vizuri kile kimoja ambacho mtu anacho.

Maji yanapumua

Samaki anapumua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Oksijeni hiyo ni kidogo sana. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 inaweza kubeba miligramu 9 hivi, na ya nyuzi 30 inabeba kama 7 na nusu tu. Ni kusema, kadiri maji yanavyopata moto, ndivyo yanavyobeba hewa kidogo, na wakati huohuo samaki anahitaji zaidi kwa sababu mwili wake unafanya kazi kwa haraka. Kindu iko karibu na mstari wa ikweta, bondeni mwa Lualaba, na joto halipungui sana mwaka mzima. Kwa tilapia joto hilo ni zuri, kwani anakua vizuri kati ya nyuzi 25 na 30. Lakini linaacha nafasi ndogo ya kukosea.

Sehemu kubwa ya oksijeni ya kiziba inatoka kwa mimea midogo sana ya kijani inayoelea, ile inayogeuza maji kuwa rangi ya majani. Mchana, jua likiwaka, mimea hiyo inatoa oksijeni. Usiku haitoi kitu. Yenyewe pia inapumua, pamoja na samaki, konokono, na vidudu vinavyoozesha uchafu chini. Wote wanakula akiba ya mchana. Ndiyo maana saa mbaya kuliko zote ni kabla ya mapambazuko, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili asubuhi. Kama akiba ilikuwa ndogo, inaisha kabla jua halijatoka.

Siku za mawingu mazito ni za hatari zaidi. Jua halikuwaka, mimea haikutoa oksijeni ya kutosha, na usiku unaofuata deni linaonekana. Mvua kubwa ya ghafla inaweza pia kupindua maji: yale ya juu yanapoa na kushuka, na yale ya chini yasiyo na hewa, yenye harufu ya matope yaliyooza, yanapanda. Mfugaji anayeona siku mbili au tatu bila jua anapaswa kupunguza chakula na kuacha kutia mbolea mpaka hali ya hewa ibadilike.

Rangi ya maji na kipimo cha mkono

Hakuna haja ya mashine kupima kiziba cha familia. Mkono unatosha. Mfugaji anaingiza mkono wima ndani ya maji, kiganja kikiwa kimekunjwa kutazama juu, na anashusha polepole.

Kama kiganja kinapotea wakati maji yamefika kwenye kifundo cha mkono, kijani kimezidi. Usiku mimea hiyo itakula oksijeni yote. Mbolea isimame, na ikiwezekana maji mapya yaingizwe.

Kama kiganja kinapotea maji yakifika karibu na kiwiko, ni vizuri. Chakula cha asili kipo na hewa inatosha.

Kama mkono umezama kupita kiwiko na kiganja bado kinaonekana wazi, maji ni masafi kupita kiasi. Tilapia hawana chakula cha asili, na mbolea inahitajika.

Rangi nayo inasema. Kijani kama majani machanga ni afya. Kahawia ya udongo ni matope, na matope yanazuia jua na kuziba matamvua ya samaki. Nyeusi yenye harufu ya mayai yaliyooza ni uchafu mwingi chini. Kijani kinachogeuka ghafla kuwa kahawia au kijivu ni onyo kubwa: mimea imekufa kwa pamoja, inaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Katika hali hiyo mfugaji asingoje kesho.

Uchafu wa samaki na vidudu vinavyousafisha

Samaki akila, anatoa amonia, hasa kupitia matamvua. Chakula kilichobaki na mbolea iliyozidi vinatoa amonia pia. Amonia ni sumu kwake. Inaunguza matamvua, na samaki anakufa hata kama oksijeni ipo. Sumu hiyo inakuwa kali zaidi maji yakiwa na joto na yasipokuwa na uchachu, kama vile mchana kwenye kiziba cha kijani kingi.

Kwa bahati, viko vidudu visivyoonekana kwa macho, bakteria, vinavyokaa kwenye matope, kwenye mawe na kwenye mianzi iliyozama. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu na inafanya damu ya samaki kuwa kahawia. Kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa na inakuwa chakula cha mimea. Kazi hiyo yote inahitaji oksijeni na inahitaji muda. Kiziba kipya hakina bado bakteria za kutosha, ndiyo maana si vema kukijaza samaki na chakula kingi siku za kwanza.

Somo kutoka kwa wanaofuga ndani ya vioo

Kanuni hizo ndizo zinazofuatwa na watu wanaofuga samaki wa bahari na matumbawe ndani ya sanduku la kioo katika miji ya mbali. Matumbawe ni wanyama wadogo wanaojenga miamba kandokando ya pwani, toka Kenya mpaka Zanzibar na kisiwa cha Mafia. Ndani ya mwili wao wanakaa mimea midogo inayowalisha. Maji yakizidi joto, mimea hiyo inatoka na matumbawe yanageuka meupe. Ilitokea katika Bahari ya Hindi mwaka 1998, na sehemu kubwa ya matumbawe ilikufa.

Mtu anayefuga matumbawe nyumbani anapaswa kushika chumvi kwenye gramu 35 hivi kwa lita, joto karibu nyuzi 25, na chokaa ya kutosha ndani ya maji, kwa sababu matumbawe yanajenga mifupa yao kwa chokaa. Maji yakipungua kwa jua, anaongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kwani chumvi haiendi na mvuke. Kabla ya kutia samaki, anangoja wiki nne hadi sita ili bakteria zikue. Pampu inazunguka usiku na mchana, na umeme ukikatika saa kadhaa, anaweza kupoteza yote.

Kindu, iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini, haihitaji sanduku kama hilo. Lakini masomo matatu yanahamia moja kwa moja kwenye kiziba cha udongo: usijaze haraka, usilishe kupita kiasi, na usiruhusu maji yabadilike kwa ghafla. Tofauti ni kwamba hapa jua, mimea ya kijani na kijito vinafanya kazi ya pampu bila kudai malipo.

Udongo wa msitu na chokaa

Maji mengi ya msitu yana uchachu. Majani yaliyooza na udongo mwekundu uliooshwa na mvua vinafanya maji yakose chokaa. Katika maji kama hayo mbolea haifanyi kazi vizuri, kijani hakishiki, na samaki hawakui. Kwenye kipimo cha uchachu kinachoitwa pH, samaki wa kufuga wanaendelea vizuri kati ya 6.5 na 9. Chini ya 4 wanakufa.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila ari moja (mita 100 za mraba), inayomwagwa kwenye sakafu ya kiziba kikiwa kimekaushwa. Kisha maji yanaingizwa na kuachwa wiki mbili kabla ya kutia samaki. Asiyepata chokaa anaweza kutumia majivu makavu ya kuni, ambayo yana nguvu ndogo lakini yanasaidia. Chokaa kali inayochemka ikiguswa na maji ni ya hatari kwa macho na ngozi. Isitiwe kamwe kwenye kiziba chenye samaki.

Kukausha kiziba baada ya kila mavuno kuna faida yake. Jua linaua vijidudu vya magonjwa, mayai ya wadudu, na samaki wadogo waliobaki. Matope meusi yanayotolewa chini ni mbolea nzuri kwa sombe na mboga.

Samaki wangapi, na chakula gani

Kwa kiziba cha familia, samaki wawili kwa kila mita moja ya mraba wanatosha. Kiziba cha mita 10 kwa 20 ni mita 200 za mraba, ni kusema samaki 400. Kina kiwe sentimita 60 upande wa juu, na kufika mita moja au zaidi kidogo upande wa kutolea maji. Kina kidogo mno kinaleta majani na ndege. Kina kirefu mno kinaacha maji ya chini bila hewa.

Chanzo cha kwanza cha chakula ni kijani chenyewe. Kwa kukitengeneza, mfugaji anajenga zizi la mianzi ndani ya maji, kwenye kona, linalofunika kama sehemu moja ya kumi ya kiziba. Humo anatia majani mabichi, samadi ya kuku, ya mbuzi au ya nguruwe, na maganda ya jikoni, akikoroga kila wiki. Uchafu unaoza polepole ndani ya zizi, na chakula cha mimea kinatoka kidogo kidogo. Kumwaga samadi nyingi kwa mara moja katikati ya kiziba ni moja ya njia za haraka za kuua samaki.

Maniema ni jimbo la mchele, zao lililoletwa na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu katika karne ya 19, wakati wa Nyangwe na Kasongo. Kwa hiyo pumba za mchele zinapatikana kwenye mashine za kukoboa. Makapi ya mawese, majani ya mihogo na ya viazi vitamu, na mchwa vinaongeza nguvu. Kipimo cha kila siku ni kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za samaki walio ndani. Kwa mfano, samaki 400 wenye gramu 50 kila mmoja ni kilo 20, hivyo gramu 600 hadi kilo moja ya chakula kwa siku.

Chakula kitolewe saa zilezile na fasi ileile, mchana jua likiwa limepanda. Kama baada ya nusu saa pumba bado zinaelea, kesho kitolewe kidogo. Kama samaki hawaji kabisa, ni alama kwamba maji yana shida.

Tilapia wanaozaa kupita kiasi

Tilapia wa kiziba anaanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hadi minne, hata akiwa bado mdogo. Jike anaficha mayai na watoto kinywani, kwa hiyo wengi wanapona. Baada ya muda kiziba kilichotiwa samaki 400 kina maelfu. Chakula kinagawanyika, oksijeni inagawanyika, na wote wanabaki wadogo. Hilo ndilo lililovunja moyo wafugaji wa zamani.

Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kuvuna kiziba chote baada ya miezi mitano au sita, kukausha, na kuanza upya na watoto wa samaki waliochaguliwa. Ya pili ni kutenga madume peke yao, kwa kutazama tundu zilizo karibu na mkia wakifika gramu 30 hivi. Dume ana mbili, jike ana tatu. Kazi hiyo inataka macho mazuri na subira. Ya tatu ni kutia kambale wachache, wale wengine wanaita ngolo, ili wale watoto wa tilapia. Kambale watiwe wakiwa wadogo kuliko tilapia, la sivyo watakula hata wale wa kufugwa.

Sumu au kukosa pumzi?

Hili ndilo swali linalopaswa kujibiwa kabla ya mtu yeyote kunyooshewa kidole. Alama hizi zinasaidia.

Kama ni kukosa oksijeni, samaki wanaanza kutafuta hewa juu ya maji usiku au alfajiri. Wakubwa wanakufa kwanza, kwa sababu wanahitaji hewa nyingi. Wadogo wengi wanapona. Kambale, ambaye ana kiungo cha kupumua hewa ya juu, anabaki mzima. Viluwiluwi na wadudu wa maji bado wanaogelea. Mara nyingi siku iliyotangulia kulikuwa na mawingu, mvua kubwa, au mbolea nyingi ilitiwa. Jua likipanda, walionusurika wanarudi chini.

Kama ni sumu, vifo vinaweza kuanza saa yoyote, hata mchana wa jua kali. Wadogo wanakufa kwanza au pamoja na wakubwa. Samaki wanaruka, wanazunguka bila mwelekeo. Wadudu wa maji na viluwiluwi wanaweza kufa pia. Jua likipanda, hali haibadiliki.

Sumu zipo kweli. Utupa, mmea ambao majani yake yanatumiwa na wavuvi kulewesha samaki, unaziba pumzi ya samaki haraka. Dawa za kuua wadudu wa shamba ni mbaya zaidi, na zinaweza kufika kiziba bila mtu kukusudia: kunawa pampu ya kunyunyizia dawa ndani ya kijito kunatosha. Kwa hiyo hata pale alama zinapoonyesha sumu, swali la kwanza ni nini kilifanyika upande wa juu wa maji. Samaki waliokufa kwa sumu au kwa sababu isiyojulikana wasiliwe na wasiuzwe. Wafukiwe mbali na maji.

Mfugaji anayeandika kwenye daftari siku alizotia mbolea, siku za mvua na idadi ya samaki waliokufa ana ushahidi wa kuonyesha kwa wazee wa mtaa au kwa mshauri wa ofisi ya kilimo, uvuvi na ufugaji. Asiye na daftari ana hasira tu.

Samaki wakianza kutafuta hewa

Saa hiyo ni ya kukimbia, si ya mkutano.

Kwanza, chakula na mbolea visimame. Zizi la mbolea lisikorogwe.

Pili, maji mapya yaingizwe, yakianguka kutoka juu kwa mwanzi au bomba, yakipiga mawe au ubao ili yachanganyike na hewa. Maji ya kisima nayo yarushwe hivyohivyo, kwani maji ya chini ya ardhi mara nyingi hayana oksijeni.

Tatu, kama kiziba kina mlango wa chini, maji mabovu ya chini yatolewe wakati mapya yanaingia juu.

Nne, pasipo kijito, watu wachote kwa ndoo na kurudisha kwa kumwaga kutoka juu, bila kukoroga matope. Kazi inachosha, lakini saa moja au mbili kabla ya jua zinaweza kuokoa sehemu kubwa.

Tano, kama hali hairudi kuwa nzuri na samaki wamefika ukubwa wa kuliwa, ni bora kuvuna wangali hai siku hiyohiyo.

Maji yanatoka wapi

Kabla ya kuchimba, mtu atembee akifuata kijito mpaka kwenye chanzo chake. Maniema ni nchi ya machimbo. Dhahabu inatafutwa upande wa Namoya, katika teritware ya Kabambare, na kasiterite upande wa Kalima, katika teritware ya Pangi, na fasi nyingine nyingi. Kijito kinachooshewa mchanga wa machimbo kinabeba matope yanayoziba matamvua. Pale zebaki inapotumiwa kukamata dhahabu, inaweza kuingia katika samaki na kutoka humo kuingia katika mtu anayemla. Kuacha maji yatulie hakuondoi hatari hiyo. Maji kama hayo yasitumiwe kwa kufuga.

Mafuriko ni adui mwingine. Mwanzoni mwa 2024 Mto Kongo ulipanda kunako Kinshasa mpaka karibu na kipimo cha mwaka 1961. Lualaba ni mto huohuo upande wake wa juu. Kiziba kilicho chini ya alama ya mafuriko ya zamani kinaweza kupoteza samaki wote kwa usiku mmoja, na wazee wa mtaa ndio wanaojua alama hiyo iko fasi gani. Kiziba kisiwe katikati ya njia ya kijito. Kiwe pembeni, kikichukua maji kwa mfereji wenye chujio, na kiwe na njia ya kutolea maji ya ziada wakati wa mvua. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, mtu atazame kama kijito bado kinatiririka.

Afya ya watu wa nyumbani

Kiziba kisichotunzwa kinaweza kuleta magonjwa. Majani ya pembeni yanaficha viluwiluwi vya mbu wa malaria na konokono wanaobeba bilharzia. Ukingo ukatwe majani kila wiki. Choo kiwe mbali na upande wa chini wa mteremko. Watoto wasioge wala kukojoa ndani ya maji. Mama mwenye mtoto anayetambaa anahitaji uzio, hata wa miti, kabla ya kuhitaji watoto wa samaki.

Kutia watoto wa samaki

Safari ni asubuhi na mapema, ndani ya bidoni safi yenye maji nusu na hewa nusu, ikikingwa na jua. Siku iliyotangulia samaki wasile, ili wasichafue maji njiani. Wakifika, bidoni iwekwe ndani ya kiziba dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha maji ya kiziba yaingizwe kidogo kidogo, na samaki waachwe watoke wenyewe. Wakimwagwa kwa pupa, wengi wanaweza kufa siku zinazofuata bila mfugaji kujua, kwa sababu watoto wa samaki wakifa wanazama.

Kazi kwa zamu

Kila siku: kutazama samaki kabla ya jua kutoka, kulisha mchana, kukagua chujio la mfereji.

Kila wiki: kipimo cha mkono, kukoroga na kujaza zizi la mbolea, kukata majani, kuziba matundu ya kaa na panya kwenye ukingo.

Kila mwezi: kukamata samaki 20 kwa wavu, kuwapima, kusahihisha kipimo cha chakula, na kuandika.

Kila miezi sita: kuvuna, kukausha, kutia chokaa au majivu, na kuanza tena. Kati ya kazi zote hizo, ile ya kufika kwenye kiziba kabla ya jua kutoka ndiyo isiyolipiwa hata franka moja, na ndiyo inayoonyesha mapema kwamba maji yanaanza kuchoka.